Chumba Kilichotakiwa Kubaki Kitupu

Mume wangu Kasiani hapendi kitu kitupu. Kikombe kikishanywewa chai anakigeuza kifudifudi, kiti kisicho na mtu anakitupia shati. Tulipohamia Mtoni, mwaka uleule tuliopata Uhuru, nyumba yetu ya udongo ilikuwa ndiyo kwanza imeezekwa, kuta bado mbichi, nikashauri tulale kwa jirani mpaka zikauke. Akakataa katakata. Akatandika mkeka kwenye unyevunyevu akalala peke yake, akaamka na kikohozi kilichomganda hadi Kwaresma. Kwao, juu huko uwanda wa Wamakonde, babu yake alimfundisha kwamba nyumba ikishapata paa na mlango haiachwi bila mtu hata usiku mmoja, maana isipopata mtu itapata kitu kingine. Nilimcheka wiki nzima huku nikimchemshia majani ya mchaichai.

Kazi yake ni kuchonga vinyago. Kibanda chake kilikuwa kando ya Barabara ya Kilwa, mabati juu, magogo ya mpingo chini, na vumbi jeusi lililokuwa linaingia mpaka kwenye chumvi yangu. Miaka ile wateja walitaka kitu kimoja tu: watu waliopandiana, babu chini, wajukuu juu, kila mmoja amemshika mwenzake, na wakauita ujamaa. Wazungu walinunua, maofisi yalinunua, hata balozi wetu wa nyumba kumi, Gozbert, alikuwa na mmoja wa kuzuilia mlango usijifunge. Kasiani alichonga jamaa hao mpaka wakamchosha.

"Mie hawa nawajua kuliko ndugu zangu wa kuzaliwa," alikuwa akisema. "Na hakuna hata mmoja anayenisalimia."

Mimi nilikuwa na kazi nyuma ya duka la Pranlal, Mhindi wa hapo Mtoni aliyeuza khanga, sukari na mafuta ya taa. Nilifua na kufagia, lakini hasa nilikuwa macho ya mama yake, Bibi Kanku. Macho yake mwenyewe yalikuwa yanazima. Daktari alikwisha kusema hayatarudi, na kila mwezi alikuwa anapoteza kitu: kwanza uzi na sindano, kisha nyuso za wajukuu, mwisho akabaki na mwanga tu, wa kumwambia dirisha liko wapi. Alikuwa mwembamba, mkali, mwenye utani wa chini chini. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, cha kukatakata. Sitakiiga hapa, kwa sababu watu wakikiiga huwa wanataka kucheka, na mimi sina cha kucheka.

Mwaka wa sabini na moja majumba yalipotaifishwa, la Pranlal lilikuwemo. Alilijenga kwa jasho, ghorofa moja, chini duka, juu wapangaji, na sasa akawa mpangaji ndani yake. Sisemi kama ilikuwa haki au haikuwa haki. Sisi wengine tulikuwa tumepanga maisha yetu yote, na Gozbert alitueleza vizuri sana kwenye mkutano. Nasema tu kwamba Pranlal alianza kufuatilia vocha, yaani kibali cha kuingia Uingereza, aliko dada yake. Vocha ilipotoka ilikuwa ya familia nzima, pamoja na mama, na ilikuwa na mwisho wake. Ukiipitisha tarehe, unarudi nyuma kabisa ya foleni, na foleni ile watu walikuwa wanazeekea ndani.

Bibi Kanku hakubisha. Alisema atakwenda, ila apewe kitu kimoja cha kuondoka nacho. Alitaka hekalu la kijijini kwao, lichongwe kwa mti, dogo, aweze kulishika. Hakuwa ameliona tangu alipoletwa Tanganyika kuolewa, na sasa asingeliona tena hata angelirudia.

"Mume wako anachonga," akaniambia. "Mlete."

Kasiani alikuja akakaa naye ukumbini kwa nyuma, karibu na jiko. Alimwamkia, akaitikiwa, halafu wote wawili wakakwama. Picha hakuna, na maneno hayakutosha. Ndipo bibi akaniambia nimletee unga wa chapati uliokandwa, sinia zima. Akaanza kufinyanga. Jioni ile hawakula chapati mle ndani, na mke wa Pranlal alinuna, lakini hekalu lilianza kusimama juu ya sinia, likiinama upande mmoja kwa sababu unga ulikuwa laini, na Kasiani akafumba macho akawa analipapasa nyuma ya vidole vya bibi.

Alilisimulia kuanzia juu kwenda chini, kwa kuwa ndivyo walivyolipata. Kijijini kwao kulikuwa na kilima ambacho watu walikuwa wanapuria mtama juu yake. Siku moja plau ya mkulima ikakwama kwenye jiwe. Wakachimba kulitoa, likawa kubwa zaidi, la duara, lenye mbavu kama boga. Kumbe ndicho kilele cha mnara. Wakaja wataalamu na kamba na vipimo, na baba yake akawekwa kuwasimamia wabeba karai. Yeye, mtoto wa kike, alikuwa anawapelekea maji. Kila msimu wa kiangazi hekalu lilishuka kidogo zaidi, au ardhi ilishuka, na watoto wakazoea kuijua nyumba kwa paa kabla ya kuijua kwa mlango.

Mnara mkubwa ulikuwa umezungukwa na vijinara vidogo vilivyouegemea, vingine vimepanda migongoni mwa vingine, mpaka juu. Kasiani aliposhika hapo alicheka.

"Bibi, hawa nao walikuwa wanachonga ujamaa."

Bibi akacheka pia, ingawa sidhani alielewa. Chini ya mnara kulikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha wala nakshi, na njia nyembamba ya kukizunguka. Mbele yake ukumbi wa nguzo, ambao dari lake lilichongwa duara ndani ya duara, kila moja dogo kuliko la nje, hadi katikati ambako ua la jiwe lilikuwa linaning'inia. Halafu baraza, halafu ngazi zinazotazama mashariki. Vyote vilikaa juu ya jukwaa refu kumpita mtoto, lenye mistari ya michoro: petali za yungiyungi, kisha tembo, kisha wachezaji ngoma. Tembo walishikana mkonga kwa mkia, na hakuna aliyefanana na mwenzake. Kwenye pembe za jukwaa kulikuwa na vihekalu vidogo, watoto wa lile kubwa, na mbele ya yote bwawa lenye ngazi pande zote za kuteremkia maji.

"Na mle chumbani?" Kasiani akauliza. "Anakaa nani?"

Bibi alijifuta unga vidoleni. Kisha akasema kwamba mlango wa chumba kile ulikuwa umejaa udongo, na siku ya kuuzibua kijiji kizima kilikuja na nazi na maua. Wakatoa karai baada ya karai. Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na shimo la mraba sakafuni alipokuwa amesimamishwa Mama yao, Mataji, mungu wa kike wa kijiji, na mfereji mdogo wa kutolea maji ya kumwogeshea. Alichukuliwa, alivunjwa, alifichwa, hakuna ajuaye. Baba yake alikaa chini palepale akalia mbele ya vibarua wake.

"Kwa hiyo wewe usiweke mtu, fundi. Acha kama tulivyokuta."

"Sawa, bibi," Kasiani akasema.

Alichagua gogo lake bora, alilokuwa amelifunika kwa maranda siku zote lisipasuke. Alilifanyia kazi masika yote. Alianza juu kama bibi alivyosimulia, na hiyo ilimpendeza sana, kwa sababu hata yeye huwa anaanza kichwani akishuka. Wateja wa ujamaa walirudi mikono mitupu. Gozbert alikuja akalizunguka mara kadhaa mikono nyuma, akauliza kama hii nyumba ni ya ubepari au vipi. Kasiani akamwambia imefukiwa ardhini toka kabla ya ubepari. Balozi akaridhika, akaomba kipande cha mpingo cha kutengenezea mpini wa kisu.

Niliona kilichokuwa kinamsumbua. Aliporudi nyumbani alikuwa anaongea kuhusu chumba kile. Kina paa, ananiambia, kina mlango, kina mahali pa kuogea, halafu hakina mwenyewe.

"Bibi kasema kiachwe, Baba Gaspar," nikamwambia.

"Bibi alikuta mlango umezibwa. Huu wangu ukiwa wazi, nani anazuia kitu kingine kisiingie?"

"Sasa wewe na nyumba ya Wahindi inakuhusu nini?"

"Nyumba nimejenga mie," akasema, akalala.

Alimweka mtu. Alimchonga mapema, wakati mlango bado mpana, kwa patasi ndogo iliyopinda, halafu ndipo akazijenga nguzo za mlango mbele yake zikabaki na upenyo wa kidole kimoja. Alikuwa mwanamke amesimama, tumbo mbele kidogo, mikono kwenye mapaja, kama akina mama wa Kimakonde wanavyochongwa. Hakuwa amebandikwa, alikuwa mti mmoja na sakafu na mnara na tembo. Hakuniambia. Kama angeniambia ningempigia kelele, na sijui kama ingesaidia kitu.

Siku ya kulipeleka, alilibeba yeye na Pranlal, maana mpingo ni mzito, wakaliweka sakafuni mbele ya bibi. Aliacha vidole viende. Alianza kwenye boga la kileleni akashuka na vijinara, akaingia ukumbini akalipata ua la dari kwa ncha ya kidole, akatoka kwa ngazi hadi bwawani. Alikuwa anasema maneno ya kwao kwa sauti ndogo, na Pranlal aliyekuwa hajatabasamu tangu mwaka uanze alikuwa anatutafsiria: hapa tulikuwa tunacheza, hapa niliwahi kuanguka, hapa baba alikuwa anakaa kivulini. Niliona fahari. Mume wangu, Mmakonde wa Mtoni, alikuwa amemrudisha mtu utotoni.

Kisha bibi akaingiza kidole mlangoni mwa chumba cha ndani.

Alikiacha humo muda mrefu. Alipokitoa aliomba maji, akanawa mikono, akavuta ncha ya sari akajifunika kichwa. Halafu akainama mpaka paji la uso likagusa jamvi. Pranlal akaacha kutafsiri.

Mimi nilidhani ni shukrani. Nilirudi nyumbani na Kasiani tukiwa na furaha zetu. Kesho yake nilipofika niliona kupitia dirishani hekalu limehamishiwa kwenye kona ya sala, limewekewa asumini na taa ya samli, na bibi anatia maziwa kwa kijiko, tone tone, mlangoni mwa kile chumba. Siku zilizofuata aliamka kabla ya wote kumwamsha Mataji, na yeye mwenyewe hakugusa chai mpaka Mataji aogeshwe na kulishwa. Mchana alimtandazia kitambaa alale. Jina alikwisha mpa, lile la kijijini. Na sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu mwenye mgeni mkubwa ndani.

Pranlal alinikuta uani nikianika nguo.

"Adelina, mmenifanya nini nyie?" akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Mama anasema hasafiri."

Alinieleza, na nikaelewa nusu tu. Sanamu likiwa pambo, ni pambo. Lakini likishapewa jina, likaogeshwa, likalishwa, basi kuna mtu anakaa pale, na mtu huyo haachwi peke yake kama sufuria. Pranlal alimleta kuhani wa hekalu lao kutoka mjini amwambie mama kwamba hakuna ibada yoyote iliyofanywa, kwamba ule ni mti tu na mzaha wa fundi. Bibi alimsikiliza kwa adabu akampa chai. Alipoondoka akasema yule bado kijana. Pranlal akajitolea kulipakia kwenye kasha liende kwa meli. Bibi akauliza nani atamlisha baharini mwezi mzima, gizani, katikati ya viatu na masufuria. Kwenye ndege hawakubali mzigo ule. Pranlal aliuliza kila mtu aliyeweza kuulizwa. Na ile tarehe ya vocha haikuwa inamsubiri mtu.

Mwisho akaja kibandani kwetu, yeye mwenyewe, na shati lake jeupe, akakaa juu ya gogo.

"Fundi, wewe ulimtia, wewe mtoe. Mama akioga nitakuita. Ukimtoa, chumba kikawa kitupu, atajua ameondoka tena. Atalia, lakini atakuja na sisi. Nina watoto. Siwezi kuwaacha wakose, na siwezi kumwacha yeye. Nifanyeje?"

Kasiani alikuwa anafuta patasi kwa kitambaa, anafuta, anafuta.

"Patasi haipiti," akasema. "Nilimchonga kwanza, mlango nikaufanya baadaye. Kumtoa lazima nivunje mbele yote, na akishika atajua nimevunja. Afadhali hata ningekuwa nimembandika."

"Hakuna njia?"

"Hakuna, bwana. Mti ni mmoja."

Pranlal alikaa pale mpaka chai niliyompa ikapoa. Nilitamani aseme neno baya, atutukane, tujue pa kushika.

Kasiani alikwenda mwenyewe kwa bibi kesho yake. Nilikuwepo. Alipiga magoti akasema ukweli wote: kwamba alikatazwa akafanya, kwamba ni ada ya babu yake na siyo ya Wahindi, kwamba uso ule aliuiga kwa nyanya yake wa Newala aliyekuwa anauza ubuyu. Hakuna Mungu pale, bibi, ni mie tu. Alisema akiwa ameinamisha kichwa, mtu mzima mwenye ndevu.

Bibi Kanku alimtafuta uso kwa mkono, akampapasa hadi alipofika kwenye chale za mashavuni.

"Mimi najua ni wewe," akasema. "Alitaka kurudi, akatafuta mkono. Angetumia mkono wa nani? Wangu umezeeka."

Nikasogea karibu naye. Nilimwambia mimi nitabaki naye huyo Mataji, nitamwogesha, nitamlisha. Kasiani naye akadakia, ndiyo bibi, tutamtunza. Bibi akashika mkono wangu, akawa anaubonyeza taratibu, kiganja, vidole, kiganja.

"Mnasema ndiyo ili niondoke," akasema. Hakukuwa na lawama ndani yake.

Siku ya safari teksi ilikuja saa za asubuhi. Mizigo ikatolewa, watoto wakaingizwa, mke wa Pranlal akakaa mbele akitazama kioo. Bibi alikuwa amekaa chini kwenye kona yake, amevaa sari nyeupe iliyopigwa pasi, na mkono mmoja juu ya ngazi za hekalu. Pranlal aliingia, akamgusa miguu, akaongea naye kwa lugha yao. Akaongea tena. Dereva akapiga honi. Ndipo akainama akamnyanyua mama yake mikononi, kama unavyomnyanyua mtoto aliyesinzia, na mkono wa bibi ukateleza juu ya tembo, mmoja mmoja, mpaka ukabaki hewani.

Hakupiga kelele wala hakujitupa. Alikuwa mwepesi, na mwanawe alikuwa analia waziwazi, kamasi zinamtoka, asiweze kujifuta kwa sababu mikono imejaa. Walipotupita mlangoni bibi aligeuza uso kule alikosikia tunapumua.

"Adelina," akasema. "Leo hajala."

Teksi ikaondoka kuelekea uwanja wa ndege. Nyumba ilikuwa ikabidhiwe mchana uleule, funguo zilikuwa mkononi mwangu, na vyumba vyote vilikuwa vyeupe isipokuwa ile kona. Nilikwenda jikoni nikakuta maziwa kidogo yamebaki kwenye birika. Nikayapasha moto, nikayatia kwenye kikombe, nikarudi. Kasiani alikuwa amekwisha kaa chini mbele ya hekalu.

"Anaanza kuoga au anaanza kula?" akaniuliza.

Sikujua. Miaka yote niliyofanya kazi mle ndani, kila bibi alipoanza sala nilikuwa natolewa uani nisubiri mpaka amalize, kwa kuwa sikuwa mtu wa dini yao. Niliwahi kuona mwanzo kupitia dirishani, na niliwahi kuona mwisho. Kuna maneno yanayosemwa kabla ya kijiko cha kwanza, nilikuwa nayasikia kwa mbali huku nikikamua nguo, na sikuwahi kushika hata moja.

Tulikaa hapo na kikombe, mume wangu na mimi, maziwa yakaanza kuota utando.